Kitufe cha Tendegu la Nne

Babu yangu anaitwa Haispidi, Kiingereza cha mwendo kasi, na jina hilo alipewa kwa dhihaka. Katika mafundi wote wa kukereza vyuma ninaowajua, hakuna anayekwenda polepole kama yeye. Ukimletea shafti asubuhi ataikodolea macho mpaka chai yake ipoe, kisha ataipapasa, kisha atakuuliza habari za watoto, na ukirudi jioni utakuta ndiyo kwanza anaifunga kwenye mashine. Lakini jina lenyewe ni la chuma. Haispidi ndicho chuma cha visu vya mashine yetu, kinachokata vyuma vingine kwa kasi mpaka chenyewe kinakuwa chekundu kwa joto, na makali yake bado yamesimama.

"Chuma cha kawaida kikipata moto kinalegea, kama mtu aliyesifiwa," Babu aliniambia nilipoanza kazi. "Hiki kikipata moto ndiyo kwanza kinakaza roho."

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa. Sasa nina thelathini na sita, na katika karakana tumebaki mimi na yeye. Ni chumba kimoja chenye mlango mpana wa bati, benchi moja ya wateja, jiwe la kunolea la umeme pembeni, na mashine ya kukereza chini ya dirisha. Kila siku baada ya chakula cha mchana jua huingia kwa dirisha hilo, vumbi la shaba hukaa hewani bila kutua, mkanda wa mashine huvuma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na sisi wawili huingia katika hali ambayo si usingizi wala si kuwa macho. Mikono inafanya kazi, wenyewe hatupo. Wateja wametuzoea. Wakitukuta hivyo hukaa kwenye benchi wakasubiri turudi.

Kazi yetu ya sifa ni vitufe vya vitanda, vile vya shaba vinavyokaa juu ya matendegu manne ya kitanda cha chuma. Chetu kina kiuno chembamba chini, halafu kinajaa taratibu, halafu kinajikunja juu na kuisha kabla hujatarajia. Mafundi wengine walijaribu kuuiga mbinuko huo wakatoa vitu kama vitunguu. Siri ilikuwa kisu. Miaka hamsini na tisa iliyopita Babu alichukua kipande cha haispidi akakichonga kwa mkono mpaka makali yake yakawa na umbo zima la kitufe, hivi kwamba ukikisukuma taratibu kwenye shaba inayozunguka, kitufe kinatoka kizima kwa mkato mmoja. Kisu cha namna hiyo hunolewa juu tu, kwenye uso wake wa bapa. Ukikinoa kwa mbele umeua umbo. Ukikinoa juu, unene unapungua lakini umbo linabaki lilelile hadi siku ya mwisho. Na siku ya mwisho ilikuwa karibu, maana kisu kilikuwa kimebaki unene wa kucha.

"Mji mzima unalala chini ya kisu hiki," Babu alikuwa akisema, akikipuliza vumbi kabla ya kukifungia kwenye kitambaa chake. Nami nilikuwa nikifikiria vyumba vyote vile, watu wamelala chali na kifudifudi, kila mtu na ndoto yake, na kwenye kila pembe kitufe chetu kikiwatazama. Mawazo ya saa nane mchana hayo.

Kitanda cha Babu na Bibi peke yake ndicho kilichokuwa na vitufe vitatu. Tendegu la nne, la upande wa miguu kuliani, lilifunikwa kwa kifuniko cha mkebe wa grisi. Babu alipomaliza vitufe vinne vya kwanza, alitokea mteja mwenye haraka aliyetaka kimoja, Babu akampa, akamwambia mke wake, "Nitachonga kingine kesho." Kesho hiyo ilikuwa inakwenda mwaka wa sitini. Bibi aliigeuza kuwa utani. Wageni wakija alikuwa akiwaonyesha kile kifuniko na kusema, "Hii ni zawadi yangu ya harusi. Mume wangu ni fundi wa kusifika."

Halafu ugonjwa wa sukari ukamla Bibi mguu. Kilianza kidonda kidogo kwenye kidole, kikapanda, na daktari akasema mguu wa kulia ukatwe chini ya goti, la sivyo tumzike nao. Siku ya upasuaji Babu alikaa nje ya mlango kwa muda wa saa nne. Walipomtoa Bibi kwenye kitanda cha magurudumu, shuka ilikuwa imeinuka upande mmoja na upande mwingine imelala bapa. Babu aliitazama shuka. Akasimama, akatoka, na nilipomfuata hadi karakana nilimkuta ameiwasha mashine, inazunguka tupu, na yeye ameegemeza mikono yote miwili juu yake.

Tangu siku hiyo hakurudi hospitali. Leo mgongo, kesho mvua, keshokutwa kuna kazi ya haraka, yeye ambaye hajawahi kufanya kazi ya haraka maishani mwake. Alikuwa akinituma na machungwa aliyoyachagua moja moja. Bibi aliyapokea, akayapanga kwenye kabati dogo la kando ya kitanda, wala hakuuliza. Siku ya saba ndipo alipotoa neno.

"Jumamosi wananiruhusu," alisema. "Mwambie mume wetu kwamba sirudi kwenye kitanda chenye kifuniko cha grisi. Mimi nimetoa mguu. Yeye anashindwa kutoa kitufe?"

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini rohoni niliumia. Bibi ananiita mke mwenzake tangu nikiwa mchanga, na nakijua kicheko chake. Hakuwa anauliza habari za kitufe. Alitaka kujua kama nyumbani kuna mtu anayemngojea. Nami niliogopa jambo moja tu: kwamba atarudi Jumamosi, alale kwenye kitanda kile, na mume wake asiweze kumtazama.

Kwa hiyo Jumanne, Babu alipotoka kununua mafuta ya mashine, niliamua nichonge kitufe mwenyewe. Nilitoa kisu kwenye kitambaa. Makali yalikuwa yamechoka, nikawasha jiwe nikinoe juu kidogo, kunoa kwa mwisho kabisa. Sasa niseme kosa langu, maana ni kosa la fundi, mtu wa kawaida hata asingelijua. Babu alinifundisha kunoa kwa kutumia visu vilivyochongwa kutoka tupa kuukuu. Chuma cha tupa ukikiacha kikapata moto kwenye jiwe kinageuka rangi ya buluu na kulegea, kwa hiyo unakichovya kwenye maji kila mara. Mkono wangu ulizoea: jiwe, maji, jiwe, maji. Haispidi ni kinyume. Huyu joto halimdhuru, kinachomuua ni maji ya ghafla akiwa wa moto. Unamwacha apoe mwenyewe kwa hewa. Ninalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini siku ile mawazo yangu yalikuwa wodini, kisu kilikuwa kinawaka kwenye vidole, na mkono ukafanya ulichojifunza kwanza. Nilisikia *tsss*.

Sikuona ufa wowote. Nilikitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikajidanganya. Nikafunga shaba, nikafunga kisu, nikawasha. Shaba ilianza kutoka kama kawaida, vichengachenga vya manjano vikininyeshea mikononi, na kwa dakika nzima nilisahau dunia. Kisha shaba ikakidaka kisu, pakalia *tak*, na kipande cha kati, pale penye mbinuko wenyewe, kikaruka na kuangukia chini ya benchi.

Babu aliingia nikiwa nimepiga magoti natafuta. Aliiona mashine, akauona mkebe wa maji kando ya jiwe, akaelewa yote. Nilitamani anitukane. Alikiokota kipande mwenyewe, makali yamemeguka hata umbo halisomeki, akakifuta, akakitia kwenye mfuko wa shati.

"Kilikuwa kimechoka," alisema.

"Nimekiua mimi, Babu. Nimekichovya."

"Basi umekiua wewe. Funga mlango twende tukale."

Jumatano niliomba ruhusa nikatoka na kikunjo cha waya wa lehemu. Waya huo ni laini. Ukiulaza juu ya kitu na kuubonyeza unashika umbo lake, kisha unauondoa na kuchonga kisu kwa kuufuata. Nilijua kwamba vitufe vitatu vya nyumbani havifai, kwa sababu Bibi amevisugua kwa jivu kila Ijumaa mpaka vimekuwa kama mayai. Na cha mwisho tulichochonga tulikiuza miaka miwili nyuma, kwa watu waliokwisha kuhama. Lakini mjini hapa vimejaa. Nikadhani kazi ni ya nusu saa.

Nilianza kwa mwalimu mmoja mstaafu. Alinipeleka chumbani kwake bila kushangaa hata kidogo, akavuta pazia, akaketi kwenye kiti kunitazama. Kitufe cha kichwani kilikuwa kimelika upande mmoja. "Naning'iniza fimbo yangu hapo," alisema. "Naning'iniza, naichukua. Sikujua kama shaba inasikia." Kutoka hapo nikaenda kwa mshonaji wa nguo, jirani yetu wa zamani. Vyake alivipaka rangi ya kijani, kisha nyeupe, kisha kijani tena, na chini ya rangi palikuwa na alama ndogo ndogo. Watoto wake wote wanne waliota meno wakivitafuna.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya dereva wa lori anayesafiri usiku na kulala mchana. Mke wake alinifungulia, akaweka kidole mdomoni. "Ingia tu upime. Huyu hata nyumba ikianguka haamki." Chumba kilikuwa cha joto na nusu giza, feni inazunguka polepole, saa ya ukutani imesimama. Yule bwana alikuwa amelala ubavu, mkono ameunyoosha juu ya kichwa, na kiganja chake kimekishika kitufe kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto. Nilisimama pale na waya wangu. Sijui ni kwa muda gani. Feni ilizunguka, na mimi nikawa nahisi kwamba nikimwondoa kidole kimoja tu, kuna mahali ataanguka. Mke wake alikuja akanikuta bado nimesimama. "Kila siku hivyo hivyo," alininong'oneza. "Pale anaposhika pameshaingia ndani."

Nilitoka. Nilijaribu nyumba mbili zaidi, nikaacha. Vitufe vyote vilitoka kwenye kisu kimoja, na hakuna viwili vilivyofanana tena. Kila kimoja kilikuwa kimeshakuwa cha watu wake.

Nilipomrudia Babu alikuwa ameketi kwenye benchi ya wateja, kile kipande kilichomeguka kiko kiganjani mwake.

"Nilijua hutaupata mbinuko," alisema.

"Ulijua, na ukaniacha nizunguke vyumba vya watu kama mpima makaburi?"

"Ulikuwa na hasira. Mtu mwenye hasira atembee."

Niliketi karibu naye. Miguu ilikuwa inaniuma na kweli nilikuwa na hasira, juu yangu na juu yake. "Basi niambie wewe. Mbinuko huo uliutoa wapi? Kwa sababu mtu haamki tu asubuhi akachora kitu kama kile."

Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kumi vyote, ingawa mikono ilikuwa safi.

"Ni kisigino cha bibi yako," alisema. "Mguu wa kulia."

Jua lilikuwa limefika pale linapofika kila siku saa hiyo. Alizungumza akilitazama. Walikuwa na miezi miwili tangu waoane. Alirudi nyumbani mchana, akamkuta amelala, mguu umetoka nje ya shuka, na mwanga wa dirisha umepita pembeni ya kisigino. Alikuwa na waya wa lehemu mfukoni. Akapiga magoti, akaulaza kuanzia pale juu panapokuwa pembamba, akaushusha panapojaa, akaukunja chini kwenye unyayo. Alifanya kwa pumzi moja asimwamshe. Akarudi karakana na kukaa kwenye jiwe akikichonga kisu siku tatu.

"Na ule waya uko wapi?"

"Nililehemea birika la bibi yako. Lilikuwa linavuja."

Nilicheka kwa sauti. Kisha nikamtazama nikaona kwamba hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, labda kwa sababu mikono alikwisha kuifuta.

"Nikienda kule," alisema, "nitatazama wapi?"

Nilimjibu kwa lile ninalolijua, la ufundi. "Kisigino kingine kipo, Babu. Kitufe ni cha duara. Kulia na kushoto ni mamoja."

Alifunga kipande chake kwenye kitambaa, akaondoka bila kuzima taa.

Alhamisi nilikwenda mwenyewe. Wodi ile saa nane mchana ni kama karakana yetu: mwanga wa manjano, wagonjwa wamelala midomo wazi, muuguzi anaandika bila kuinua kichwa. Bibi alikuwa amefumba macho. Nilifunua shuka upande wa kushoto. Kisigino kilikuwa pale, kikavu, chenye nyufa nyembamba za uzee, na mbinuko wenyewe ulikuwa hauna hata kasoro. Nilikuwa nimeukata kwenye shaba miaka kumi na saba, na nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza. Nikauleta waya taratibu. Ulipogusa ngozi tu, mguu ukaruka.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema, macho bado ameyafumba, "hiyo kazi si yako."

Niliuvuta waya nyuma. "Unajua ninachofanya?"

"Mtu wa kwanza kunifanyia hivyo alikuwa na mikono mizuri zaidi. Waya ule ulikuwa wa baridi, unatekenya! Niling'ata mto nisicheke. Nikajisemea, akijua kama niko macho ataona aibu, ataacha." Akafumbua macho. "Na mimi sikutaka aache."

"Miaka yote hii hukumwambia?"

"Yeye alijiona ameiba. Ningemharibia starehe yake kwa nini? Wageni wakishika vitufe vyangu wakavisifu, mimi najinyamazia. Mguu wangu uko kwenye nyumba za watu mia ngapi, najua mwenyewe."

Mkono wake ukashuka ndani ya shuka upande wa kulia, ukatafutatafuta, ukarudi juu.

"Kinaniwasha," alisema. "Kile kisichokuwepo. Kisigino chenyewe, hapa kwa nyuma. Daktari anasema ndivyo inavyokuwa. Nataka kujikuna, nashika shuka." Uso wake ukabadilika, na utani ukamtoka wote. "Nina siku tisa natazama mlango ule. Mwambie aje apime mwenyewe. Sipimwi na mtu mwingine."

"Anaogopa, Bibi."

"Na mimi je?"

Nilimfikishia Babu maneno hayo kama yalivyo, na lile la kung'ata mto pia. Alisimama katikati ya karakana muda mrefu. "Alikuwa macho," alisema. Baada ya muda akarudia tena, "Alikuwa macho." Ijumaa asubuhi nilimkuta amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe la harusi za watu, na waya wa lehemu ameukunja mfukoni.

Ile njia ya wodini haifiki hatua arobaini. Nafikiri tuliitembea robo saa. Bibi alimwona tangu mlangoni, akafumba macho upesi na kujilaza kama mtu aliyelala usingizi wa pono. Babu alifika, akaketi ukingoni mwa kitanda cha chuma kisicho na kitufe hata kimoja. Akatoa waya. Akaunyoosha kwa vidole. Kisha mkono wake, kwa mazoea ya miaka hamsini na tisa, ukaenda kulia, ukatua pale shuka ilipolala bapa.

"Hapo hakuna mtu," Bibi alisema bila kufumbua macho. "Hamia kushoto."

Babu hakuuondoa mkono. Aliuacha pale, kiganja wazi, akaitazama ile sehemu tupu, akaitazama hasa, kama anavyoitazama shafti ya mteja mpaka chai inapoa. Nami niligeukia dirishani, nikahesabu matofali ya ukuta wa mbele ili nisilie wodini. Nilipogeuka tena alikuwa amepiga magoti upande wa kushoto, waya umezunguka kisigino, anaubonyeza kwa kidole gumba kidogo kidogo. Bibi alikuwa amejifanya amelala. Kona ya mto ilikuwa mdomoni mwake.

Mchana ule tulifungua sanduku la vyuma vikuukuu kutafuta haispidi ya kisu kipya. Vipande vyote humo vimeshika kutu ya namna moja, huwezi kujua kipi ni kipi kwa macho, kwa hiyo unauliza jiwe. Nilikuwa nikigusisha kimoja kimoja. Kipande cha tupa kikarusha nyota nyeupe, zikapasuka na kutawanyika kama sherehe. Cha pili vilevile, cha tatu vilevile. Cha nne kilitoa nyuzi chache tu za rangi nyekundu iliyofifia, zikashuka chini kimyakimya na kuzimika bila kupasuka.

"Huyo," Babu alisema kutoka kwenye benchi. "Hana makelele."

Nilikinoa mimi, yeye akiwa ameushika waya. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri kitu cha karibu, lakini alikuwa akikiweka kisu juu ya waya, akakiinua kwenye dirisha na kuniuliza kama mwanga unapita katikati. Unapita, nilisema. Nikarudi kwenye jiwe. Kilipopata moto nilikiweka juu ya tofali, tukakiangalia wote wawili kikipoa kwa wakati wake. Mkebe wa maji nilikwisha kuumwaga nje. Jumamosi saa tatu asubuhi mwanga haukupita tena. Babu akakipapasa kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini, akaitikia kwa kichwa, akasema ni chenyewe. Akakifunga kwenye mashine yeye mwenyewe, akaweka shaba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumwambia afanye haraka.

Bibi aliletwa saa saba. Tulimbeba mimi na mtoto wake wa kiume, yaani baba yangu, tukamlaza. Alivikagua vitufe kama mpokea mali: kimoja, viwili, vitatu vya mayai, na cha nne, kipya, kinameta peke yake kuliani upande wa miguu. Kifuniko cha grisi alikitaka akiweke chini ya mto. "Ni zawadi yangu ya harusi," alisema. "Hakiendi popote."

Baada ya chakula nyumba ilitulia. Baba alikwisha kuondoka. Nilikuwa naosha vyombo uani, dirisha la chumbani wazi, na mwanga ulikuwa ule wa saa nane. Babu alikuwa ameketi chini, mgongo ameegemeza kwenye tendegu la nne. Nilisikia kitanda kikilia kidogo, Bibi akijigeuza bila raha.

"Kimeanza tena," alisema. "Kinaniwasha. Kwa nyuma, pale pale."

Babu hakuuliza ni kipi. Aliinua mkono juu ya bega lake bila kugeuka, akakishika kitufe, akaanza kukikuna kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kama anavyofanya kila kitu.

"Chini kidogo," Bibi alisema.

Akashusha kidole.

"Hapo," alisema Bibi. "Hapo hapo. Usiache."

Nikasimama na sahani mkononi, maji yananitiririka hadi kwenye viwiko. Pumzi ya Bibi ilirefuka, ikawa nzito, ikawa ya usingizi wa kweli. Babu aliendelea kukuna.